Asiye na arifa hata moja ndiye anayesubiri kuliko wote: uzi wa ORDER BY na indeksi

#1 Mchungulia Mipango

Wakuu, heshima mbele. Naomba niwamegee kisa kilichonila siku tatu, maana naona wengi wanakwama palepale nilipokwama mimi.

Nilikuwa natunza mfumo wa ndani wenye watumiaji wapatao 3,000. Kila mmoja ana ukurasa wake wa arifa: anafungua, anaona 20 za karibuni, basi. Jedwali la arifa lilikuwa limefika mistari milioni 40. Malalamiko yakaanza kuingia kwamba ukurasa unazunguka karibu dakika nzima. Nikafungua kwa akaunti yangu, ukaja papo hapo. Nikajaribu kwa akaunti ya mwenzangu, papo hapo. Nikamjibu mlalamikaji aangalie mtandao wake. (Msinicheke, hata nyie mmeshawahi kuandika hilo jibu.)

Akanijibu kwa upole kwamba mtandao wake hauna shida, ila yeye ni mgeni, ameingizwa kwenye mfumo juzi, na hana arifa hata moja. Nikabaki nimekodoa macho. Mwenye maelfu ya arifa anazipata sasa hivi, asiye na kitu anasubiri dakika?

Kweri yenyewe, yaani ombi linalotumwa kwenye hifadhidata, haina makuu. `ORDER BY` inapanga, `LIMIT` inaweka kikomo:

```
SELECT id, aina, maandishi, muda
FROM arifa
WHERE mtumiaji_id = 2971
ORDER BY muda DESC
LIMIT 20;
```

Indeksi (orodha za pembeni zilizopangwa, za kutafutia mistari haraka) zilikuwepo mbili: moja ya `mtumiaji_id`, nyingine ya `muda`. Aliyeziweka (mimi) alidhani zikiwepo zote mbili basi kazi imekwisha. Hifadhidata ni PostgreSQL. Nikaweka `EXPLAIN (ANALYZE)`, inayoonyesha mpango ambao hifadhidata imeufuata, mbele ya kweri, ikanitolea hivi, nimepunguza mengine:

```
Limit (actual time=47120.655..47120.656 rows=0 loops=1)
  -> Index Scan Backward using arifa_muda_idx on arifa
       Filter: (mtumiaji_id = 2971)
       Rows Removed by Filter: 40118206
```

Tazameni vizuri. Hakuna neno `Sort` (hatua ya kupanga) popote. Indeksi inatumika. Anayeangalia juu juu angesema mpango huu ni safi. Shida iko mstari wa mwisho: mistari 40,118,206 imesomwa, ikatupwa yote.

Kwa nini hifadhidata ilichagua njia ya kijinga hivi? Si kijinga ukipiga hesabu yake. Mistari milioni 40 kwa watumiaji 3,000 ni kama arifa 13,300 kwa kila mtu. Kwa hiyo ikadhani kila mistari 3,000 hivi itakutana na mmoja wa mtu huyu, na kupata 20 itabidi ipite mistari kama 60,000. Njia ya pili ilikuwa kuchukua indeksi ya `mtumiaji_id`, kuokota arifa zote 13,300 zilizotawanyika kwenye diski, kisha kuzipanga. Kwa karatasi, ya kwanza ni nafuu. Kwa akaunti yangu hesabu ilikuwa sahihi kabisa, napata arifa kila saa. Kwa mgeni, hifadhidata ilianza na arifa ya leo ikarudi nyuma ikitafuta ya 20, ikakosa hata ya kwanza, ikaenda mpaka siku mfumo ulipozaliwa.

Dawa ilikuwa indeksi moja yenye kolamu mbili:

```
CREATE INDEX CONCURRENTLY arifa_mtumiaji_muda_idx
ON arifa (mtumiaji_id, muda);
```

Baada ya hapo kweri ileile ikashuka chini ya milisekunde moja, kwa mgeni na kwa mwenyeji.

#2 Kokoto

Nimeweka kambi. Mkuu, hapo kwenye indeksi ya kolamu mbili umepita haraka mno kwa sisi wa daraja la chini. Kwani indeksi mbili tofauti si zina habari zilezile?

#3 Mchungulia Mipango

Swali zuri, na ndiyo kiini cha uzi wote.

Chukua orodha ya wanafunzi wa shule nzima. Una nakala moja iliyopangwa kwa darasa, na nyingine iliyopangwa kwa tarehe ya kuzaliwa. Nikikuuliza "nipe watatu wadogo kuliko wote wa darasa la sita", ya kwanza inakupeleka darasa la sita, lakini humo ndani tarehe zimechanganyika, lazima uwasome wote. Ya pili imepanga tarehe, lakini madarasa yamechanganyika, unapitia majina ukiuliza "huyu wa la sita? Hapana. Huyu? Hapana." Habari ni zilezile kweli, ila mpangilio unaoutaka haupo popote. Sasa tengeneza nakala ya tatu: kwa darasa kwanza, na ndani ya kila darasa kwa tarehe. Nenda mwisho wa la sita, soma watatu, funga kitabu.

Indeksi ya kawaida ni mti wa B, ule wa Bayer na McCreight wa Boeing, makala yao ilitoka 1972 na bado tunakula matunda yake. Majani yake yamepangwa na kuunganishwa, ukishafika kwenye jani unasonga kushoto au kulia bila kurudi juu. Kwa bloku za 8 kB za PostgreSQL, mistari milioni 40 inahitaji kama ngazi tatu au nne tu kutoka mzizi hadi jani. Kwa hiyo mgeni asiye na arifa anashuka ngazi nne, anakuta pale panapopaswa kuwa na jina lake hamna kitu, anarudi. Mwenye arifa 13,000 anashuka ngazi nne, anasoma 20, anarudi.

Kwa maneno mengine, hapa sijaiharakisha hifadhidata ipange. Nimeiondolea kazi ya kupanga kabisa.

#4 Fundi Bisibisi

Uzi mzuri, ila nikosoe kidogo. Umewasahau wale ambao mpango wao una `Sort` kweli. Mimi nilikuwa na `Sort Method: external merge Disk`, nikapandisha `work_mem` (memori ya kupangia) kutoka 4MB hadi 256MB, kweri ikapona bila indeksi yoyote. Si kila kitu ni indeksi.

#5 Mchungulia Mipango

Sikatai, mkuu. Ukiona `external merge Disk` maana yake mistari haikutosha kwenye memori, ikamwagwa kwenye faili za muda. Kama kweri ni ripoti isiyo na `LIMIT`, unataka mistari yote milioni tatu imepangwa, memori ndiyo dawa, na mara nyingi indeksi haitasaidia sana kwa sababu utaisoma jedwali nzima hata hivyo.

Ila hiyo 256MB uliiweka wapi? Kama ni kwenye faili ya mipangilio ya seva nzima, kaa chonjo. `work_mem` haigawiwi kwa seva, inagawiwa kwa kila operesheni ya kupanga au ya hash ndani ya kila kweri. Miunganisho 100, kila mmoja ana operesheni mbili za namna hiyo, piga hesabu mwenyewe. Iweke kwa kikao kimoja, `SET work_mem`, pale ripoti inapokimbia.

Na jambo jingine watu hulichanganya. Kukiwa na `LIMIT 20` utaona `top-N heapsort Memory: 29kB`. Hapo kupanga kwenyewe ni kazi ndogo sana, inashika 20 bora tu na kutupa wengine. Mtu anaongeza memori, haoni tofauti, anashangaa. Muda umeliwa na kusoma mistari, tuseme laki nne, iliyoingia kwenye huo mpangilio. Angalia `rows` ya mstari ulio chini ya `Sort`, huko ndiko mwizi aliko.

#6 Fundi Bisibisi

Ni kwenye seva nzima. Ngoja nikimbie.

#7 Bi Jedwali

😂😂 Mkimbilie huyo.

Mimi ninatumia MySQL, hifadhidata nyingine, na kwetu adui anaitwa `Using filesort`. Miaka nilidhani ni faili kwenye diski kwa sababu ya jina. Sivyo, ni jina tu la kupanga nje ya indeksi, inaweza kuisha yote ndani ya memori. Kanuni za Mchungulia zinafanya kazi kwetu vilevile, nyongeza zangu ni mbili.

Kwenye InnoDB (injini ya kuhifadhi data ya MySQL) kila indeksi ya pembeni inabeba ufunguo mkuu (hapa ni `id`) mwishoni bila kuombwa. Kwa hiyo indeksi ya `(mtumiaji_id)` peke yake tayari ni kama `(mtumiaji_id, id)`. Kama `id` inapanda kwa wakati na mnaridhika kupanga kwa `id` badala ya `muda`, `ORDER BY id DESC` unaipata bure.

La pili, walio bado kwenye toleo la 5.7: ukiandika `DESC` ndani ya `CREATE INDEX` inakubali, haigombi, halafu inapuuza. Ni kuanzia 8.0 ndipo inaheshimiwa. Nilipoteza jioni nzima hapo.

#8 Kokoto

Hapo kwenye DESC nami nina swali. Mchungulia hukuiweka kwenye indeksi yako ilhali kweri inasema `muda DESC`.

#9 Mchungulia Mipango

Haihitajiki. Indeksi inasomeka pande zote mbili, ndiyo maana mpango ulisema `Index Scan Backward`. `DESC` inakuwa na maana pale unapochanganya pande: `ORDER BY kipaumbele DESC, muda ASC`. Indeksi ya kawaida ukiisoma mbele unapata zote zinapanda, ukiisoma nyuma zote zinashuka, na mchanganyiko huupati. Hapo ndipo uandike `(mtumiaji_id, kipaumbele DESC, muda ASC)`. Kuanzia PostgreSQL 13 kuna `Incremental Sort`: indeksi ikitoa kolamu ya kwanza ikiwa imepangwa, inapanga vikundi vidogo vidogo vilivyobaki. Inaokoa, ila ukiiona kwenye kweri inayokimbia mara elfu kwa dakika, tengeneza indeksi kamili.

Mtego mwingine wa PostgreSQL ambao hauonekani kwa macho: `NULL`, yaani sehemu zisizo na thamani. Ukipanga kwa `DESC`, zenyewe zinaanza juu. Mtu anakerwa, anaongeza `NULLS LAST`, na hapohapo indeksi yake inakufa, kwa sababu kuisoma nyuma kunatoa `NULL` mwanzoni na yeye anazitaka mwisho. `Sort` inarudi. Ama utengeneze indeksi yenye `DESC NULLS LAST`, ama uulize kwanza: kwani kolamu hii inapaswa kuwa tupu? Mara nyingi jibu ni hapana. Weka `NOT NULL`, futa hayo maneno mawili, umemaliza.

#10 mwanafunzi_wa_usiku

Naomba msaada wakuu. Nimefuata ushauri lakini `Sort` haijatoka. Kweri:

```
WHERE mtumiaji_id = 88
  AND kipaumbele > 3
ORDER BY muda DESC LIMIT 20
```

Indeksi yangu ni `(mtumiaji_id, kipaumbele, muda)`. Kolamu zote tatu zimo!

#11 Bi Jedwali

Zimo zote, mpangilio ndio umekosea. Rudi kwenye orodha ya wanafunzi. Ndani ya mtumiaji 88 arifa zako zimepangwa kwa kipaumbele: zote za 4 pamoja, kisha za 5, kisha za 6. Ndani ya 4 muda umepangwa, ndani ya 5 unaanza upya. Ukivuka kutoka kundi moja kwenda jingine, muda unaruka. Kwa hiyo lazima azikusanye zote ndipo apange.

Jaribu `(mtumiaji_id, muda, kipaumbele)`. Zile unazozilinganisha kwa `=` zitangulie, halafu ile unayopanga nayo, halafu ndiyo zije za `>` na `<`. Kipaumbele kitachujwa akiwa humohumo ndani ya indeksi, bila kwenda kugusa jedwali kwa kila mstari.

#12 Mchungulia Mipango

Naunga mkono, na sharti moja. Kama arifa zenye kipaumbele zaidi ya 3 ni chache mno, sita tu kwa mfano, basi utarudi kwenye ugonjwa wa mgeni wangu: anarudi nyuma akitafuta ya 20 asiyoipata. Hapo ile indeksi yako ya kwanza, pamoja na `Sort` yake, ni bora, kwa sababu atapanga mistari sita. `Sort` ya mistari sita haina dhambi. Ukiwa na hali isiyobadilika, mfano daima ni `imesomwa = false`, fikiria indeksi ya sehemu: `ON arifa (mtumiaji_id, muda) WHERE NOT imesomwa`. Inakuwa ndogo, na inabeba tu zinazotafutwa.

Vilevile `IN`. Ukiandika `mtumiaji_id IN (88, 91, 104)` halafu `ORDER BY muda`, umeomba makundi matatu, kila moja limepangwa ndani yake, na mchanganyiko wao haujapangwa. Nimewahi kuiandika kama kweri tatu ndogo, kila moja na `ORDER BY` na `LIMIT 20` yake, nikaziunganisha kwa `UNION ALL`, nikapanga hizo 60 nje. Haipendezi kuitazama. Inakimbia.

#13 Fundi Bisibisi

Nimerudi. `work_mem` imeshuka, seva haijafa. Mchungulia, mbona hujaongelea kurasa? Ukurasa wangu wa kwanza unakuja haraka, wa 5,000, ninaoufikia kwa `OFFSET`, unakwenda kama konokono, na indeksi ipo.

#14 Mchungulia Mipango

Kwa sababu `OFFSET 100000` haimaanishi "ruka hadi hapo". Inamaanisha "soma laki moja, tupa, kisha nipe 20". Indeksi haina namba za mistari, haijui wa laki moja yuko wapi bila kuhesabu.

Acha kuhesabu, kumbuka ulipoishia:

```
WHERE mtumiaji_id = 2971
  AND (muda, id) < ('2024-03-02 10:15:07', 31220455)
ORDER BY muda DESC, id DESC
LIMIT 20
```

Yaliyo kwenye mabano ya pili ni muda na id ya mstari wa mwisho aliouona mtu. Indeksi iwe `(mtumiaji_id, muda, id)`. Ukurasa wa 5,000 unagharimu sawa na wa kwanza. Msiiache `id`, tafadhali. Arifa mbili zikiwa na muda uleule, bila `id` moja itamezwa katikati ya kurasa mbili na mtumiaji atakuapia kwamba mfumo unakula ujumbe. Unachopoteza ni kile kitufe cha "nenda ukurasa wa 312". Sijawahi kukutana na mtu anayekikosa.

#15 Bi Jedwali

Wenye kazi za fedha wanakikosa, niamini. Lakini tuendelee.

Semeni na kuhusu kuijenga indeksi kwenye mfumo ulio hai. Naona watu wataondoka hapa na kwenda kupiga `CREATE INDEX` saa sita mchana.

#16 Mchungulia Mipango

Hapo umenigusa kidonda. Mara ya kwanza kabisa kujenga hii ya arifa, sikuweka `CONCURRENTLY`, neno linaloijenga bila kuzuia kuandika. Kusoma kuliendelea, kuandika kukasimama. Kila aliyetaka kuingiza arifa akapanga foleni nyuma ya indeksi, miunganisho ikajaa, na mfumo mzima ukazima kwa ajili ya kuharakisha ukurasa mmoja. Nikaikatisha katikati.

Mara ya pili nikaweka `CONCURRENTLY` kupitia zana yetu ya mabadiliko, nayo hufunga kila kitu ndani ya muamala (kundi la amri zinazopita zote au kuanguka zote). PostgreSQL ikagoma, kwani `CONCURRENTLY` haikubali kuwa ndani ya muamala. Nikaiendesha kwa mkono, ikakatishwa katikati. Na hapa ndipo pa kukumbuka: ikikatika, inabaki maiti. Indeksi inaonekana kwenye jedwali, kweri haziitumii, na kila mwandishi bado anailipia. `\d arifa` itaonyesha neno `INVALID` pembeni yake. Idondoshe, anza upya. Mimi niliikuta siku ya pili nikiwa najiuliza mbona kweri bado ni nzito.

Ya tatu ndiyo ikakubali.

Baada ya hapo ile ya zamani ya `mtumiaji_id` peke yake niliifuta, maana mpya inaanza na kolamu hiyohiyo na inafanya kazi yake. Ile ya `muda` nikaikagua kwenye takwimu za `pg_stat_user_indexes`, `idx_scan` (mara ilizotumika) haikuwa imeongezeka tangu ile mpya ianze kazi, nikanyoosha mkono kuifuta. Bahati nikakumbuka kwamba hesabu hizo ni za seva moja moja. Kwenye seva ya nakala, ile ya kusomea tu, ripoti zilikuwa zinaitumia kila usiku. Angalieni pande zote kabla ya kufuta.

#17 mwanafunzi_wa_usiku

Mrejesho wakuu. `(mtumiaji_id, muda, kipaumbele)` imekubali, `Sort` imetoweka, kutoka sekunde 4 hadi milisekunde 2. Bi Jedwali, Mungu akuzidishie.

Ila ukurasa wa wanachama bado. `WHERE kundi_id = 7 ORDER BY jina LIMIT 50`, indeksi ni `(kundi_id, jina)`, na `Sort` ipo palepale.

#18 Bi Jedwali

Amina. Weka mpango wote, usikate kitu.

#19 mwanafunzi_wa_usiku

```
Limit
  -> Sort
       Sort Key: (lower((jina)::text))
       -> Index Scan using wanachama_kundi_jina_idx on wanachama
            Index Cond: (kundi_id = 7)
```

#20 Bi Jedwali

Umeiona hiyo `lower`? Wewe umetuandikia `ORDER BY jina`, lakini inayofika kwenye hifadhidata ni `ORDER BY lower(jina)`. Maktaba unayotumia kuandikia kweri imeiongeza yenyewe ili herufi kubwa na ndogo zisitengane. Indeksi imepanga `jina`, haijui lolote kuhusu `lower(jina)`. Tengeneza `(kundi_id, lower(jina))`.

#21 mwanafunzi_wa_usiku

Imekaa! Sasa majina yanakuja haraka, lakini ukurasa bado unangoja kwa sababu juu yake kuna "wanachama 1,204,377" na hiyo ni `COUNT(*)`, inayohesabu mistari yote.

#22 Mchungulia Mipango

Hiyo ifungulie uzi wake, mkuu. Nitakuja na chai.